Ukurasa wa uchumi ufungue madaftari mawili

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lenu la wiki iliyopita mmetangaza kwamba gazeti linajiandaa kufungua ukurasa wa kila wiki wa uchumi na fedha, na mmewaomba wasomaji watoe maoni kabla kazi haijaanza. Hongera kwa hilo. Lubumbashi ni mji uliozaliwa na kampuni na kulelewa na kampuni, na hadi leo mishahara, kodi za nyumba na hata mauzo ya soko la komini ya Kenya, mojawapo ya komini (wilaya ndogo) za mji wetu, hupanda na kushuka pamoja na bei ya shaba. Inashangaza basi kwamba magazeti yetu yanajaa siasa na mpira, huku habari za fedha zikiingia kwa bahati tu, siku mkubwa fulani anapokata utepe.

Nimefundisha uhasibu katika shule za mji huu kwa muda mrefu, na ninalotaka kuwaambia ni jambo moja, ingawa historia yake ni ndefu na naomba nafasi ya kuieleza. Wengi hudhani kwamba uandishi wa habari za biashara ulizaliwa sokoni, kati ya muuzaji na mnunuzi. Kwa sehemu kubwa ulizaliwa kwenye njia inayotoka katika hazina ya mtawala kwenda kwa mkopeshaji wake na kurudi, na tangu siku hizo umemfaa raia wa kawaida pale tu mwandishi alipolichukua daftari la serikali na daftari la kampuni akayafungua pamoja kwenye meza moja. Mwandishi aliyebeba karatasi ya upande mmoja, hata awe na kalamu nzuri namna gani, amekuwa tarishi wa upande huo.

Tuanze na shaba, kwa kuwa ndiyo tunayoijua. Mwishoni mwa karne ya 15 na mwanzoni mwa karne ya 16, ukoo wa Fugger wa mji wa Augsburg, Ujerumani, ulishika biashara ya madini ya fedha ya Tyrol na shaba ya Hungaria. Uliipata kwa njia ambayo mtu wa Katanga, eneo letu la shaba, hahitaji kufafanuliwa: uliwakopesha watawala, nao watawala wakalipa kwa haki juu ya madini. Mwaka 1519 Jakob Fugger alitoa sehemu kubwa ya fedha zilizotumika kuwashawishi wapiga kura ili Charles, mfalme wa Hispania, awe Kaizari wa Dola Takatifu la Roma. Mtu aliyekopesha kiasi hicho hawezi kulala bila kujua kama mfalme wake atashinda vita, kama meli za fedha zimefika Seville, kama mrithi wa kiti ni mgonjwa. Ndiyo sababu ukoo huo ulikusanya barua za habari kutoka Antwerp, Venice, Roma na Constantinople. Zile za miaka ya 1568 hadi 1605, ambazo zimehifadhiwa Vienna, ni takriban 16,000, zote zimeandikwa kwa mkono. Ndani yake vita, magonjwa, ndoa za wafalme na bei za bidhaa vimechanganyika, kwa sababu kwa mkopeshaji vyote hivyo ni habari moja. Na hofu yake haikuwa ya bure: Philip II wa Hispania alisimamisha malipo ya madeni yake mwaka 1557, akarudia 1575 na tena 1596. Barua hizo, hata hivyo, zilisomwa na wachache waliozilipia. Mkulima aliyetozwa kodi ili deni lilipwe hakuwa miongoni mwa wasomaji.

London ndiko habari hizo zilikoanza kutoka hadharani. Benki ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1694 kwa kusudi lililo wazi kabisa, yaani kumkopesha mfalme pauni milioni 1.2 kwa ajili ya vita dhidi ya Ufaransa. Miaka minne baadaye dalali mmoja, John Castaing, aliyefanya shughuli zake katika mkahawa wa Jonathan, akaanza kutoa karatasi ndogo mara mbili kwa wiki, yenye bei za hisa na viwango vya kubadilisha fedha. Hakukuwa na maoni wala hadithi, tarakimu tu. Lakini kuanzia hapo mtu yeyote aliyejua kusoma aliweza kuona kama imani ya wenye mali kwa serikali yao imepanda au imeshuka, na waziri naye aliweza kuona kwamba wameona. Mimi huiheshimu karatasi ile ya Castaing kuliko magazeti mengi yaliyoifuata.

Mwaka 1843 James Wilson, Mskoti aliyekuwa mtengenezaji wa kofia, alianzisha The Economist ili kupigania kufutwa kwa sheria zilizozuia nafaka kutoka nje isiingie Uingereza kwa bei nafuu. Sheria zilifutwa mwaka 1846, na mwaka uliofuata Wilson akaingia bungeni. Mwaka 1853 alipewa cheo katika hazina ya serikali, na mwaka huo huo alikuwa mwanzilishi wa benki ya kufanya kazi India, Australia na China. Mwaka 1859 alitumwa India kupanga upya fedha za utawala wa kikoloni baada ya uasi mkubwa wa 1857. Akaleta kodi ya mapato, kisha akafa huko Calcutta mwaka 1860. Sisemi kwamba alikuwa mwizi, na gazeti lake lilikuwa na akili nyingi. Nasema tu kwamba katika mtu mmoja tulikuwa na mhariri, mwenye benki, mtu wa hazina na mtoza kodi, na Mhindi aliyelipa kodi ile hangeweza kujua ni nani kati ya hao wanne anayezungumza naye.

Upande wa giza nao una historia yake. Harry Marks, aliyeanzisha Financial News mjini London mwaka 1884, alijulikana kwa kupokea malipo ili kuzisifu kampuni katika gazeti lake, na hilo halikumzuia kuwa mbunge. Huko Ufaransa, kampuni iliyokuwa ikichimba mfereji wa Panama iliwalipa wabunge na magazeti ili hali yake mbaya isijulikane mapema, na kashfa ikalipuka mwaka 1892 wakati fedha za watu wadogo wadogo zilikuwa zimekwisha kupotea. Kubwa zaidi ni mikopo ya Urusi. Kwa miaka mingi serikali ya Kaizari wa Urusi iliuza hati fungani kwa Wafaransa, na wakala wake mjini Paris, Arthur Raffalovich, aligawa fedha kwa magazeti ili yaendelee kuandika kwamba Urusi ni mdaiwa mwaminifu. Wabolsheviki, wanamapinduzi waliotwaa utawala wa Urusi, walipokataa madeni hayo mwaka 1918, Wafaransa zaidi ya milioni moja walibaki na makaratasi mikononi. Barua za Raffalovich zilichapishwa na gazeti la L'Humanité mwaka 1923 na 1924, na hapo wasomaji wakaona wazi ni nani alipewa nini. Serikali ya Ufaransa yenyewe ilijua mambo hayo wakati yakitendeka, kwa kuwa ilihitaji Urusi iwe na nguvu dhidi ya Ujerumani. Jambo hilo nalitilia mkazo: pale serikali na mwenye fedha wanapotaka kitu kimoja, anayelipa gharama ni msomaji.

Sasa nifike kwetu, kwa kuwa mfano bora ninaoujua wa kazi hii ilivyopaswa kufanywa unahusu nchi yetu wenyewe, ingawa aliyeifanya hakuwahi kukanyaga Kongo. Edmund Dene Morel alikuwa karani wa kampuni ya meli ya Elder Dempster ya Liverpool, iliyobeba shehena kati ya Antwerp na Dola Huru ya Kongo ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Kwa kuwa alijua Kifaransa vizuri, alitumwa Antwerp mara kwa mara kushughulikia shehena hizo. Alisimama gatini, akatazama kinachoshushwa na kinachopakiwa. Meli zilikuja zimejaa mpira na pembe za ndovu. Zilirudi na bunduki, risasi na vifaa vya serikali, na bidhaa kidogo sana za kuwalipa watu waliouvuna huo mpira. Kisha akafanya kile ambacho kila mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hufundishwa kufanya: alichukua takwimu zilizotangazwa rasmi na serikali ya Kongo, akachukua hesabu za shehena alizozijua kutoka ofisini kwake, akazilinganisha. Mpira na pembe vilivyofika Antwerp vilizidi vilivyotangazwa. Kwa hiyo kulikuwa na faida inayofichwa mfukoni mwa mtu. Na kama mali yote hii inatoka na karibu hakuna kinachoingia kuilipia, basi wanaoivuna hawalipwi. Na kama hawalipwi na bado wanavuna, risasi zile ndizo jibu.

Tazama, Ndugu Mhariri, jinsi hitimisho lile lilivyopatikana. Hakukuwa na shahidi, hakukuwa na picha, hakukuwa na siri iliyonong'onwa na mtu wa ikulu. Kulikuwa na orodha za shehena na takwimu za forodha. Kwa maelezo yake mwenyewe, wakubwa wa kampuni walijaribu kumtuliza kwa cheo na nyongeza ya mshahara. Mkubwa wao, Alfred Jones, alikuwa pia konsuli wa Kongo ya Leopold mjini Liverpool, yaani serikali na kampuni walikaa katika kiti kimoja. Morel aliandika makala zake za kwanza mwaka 1900 bila kutaja jina lake, akaacha kazi mwaka 1901, na mwaka 1903 akaanzisha gazeti lake, West African Mail, ambalo ukilisoma juu juu utadhani ni gazeti la wafanyabiashara wa Afrika Magharibi tu. Mwaka huo huo bunge la Uingereza lilijadili suala la Kongo, konsuli Roger Casement akatumwa bara kuchunguza, na ripoti yake ikatolewa mwaka 1904. Ushahidi wa watu walionyanyaswa ulikuja kuthibitisha yale ambayo hesabu zilikwisha kusema.

Leopold naye hakulala. Mwaka 1904 aliunda ofisi ya siri ya magazeti iliyowalipa waandishi katika nchi kadhaa za Ulaya waandike mema, na jarida la kumtetea likachapwa kwa lugha zaidi ya moja. Alikuwa na fedha nyingi kuliko Morel, na alikuwa na mfalme upande wake, yaani yeye mwenyewe. Hata hivyo mwaka 1908 ilimlazimu kuikabidhi Kongo kwa Ubelgiji. Kilichomshinda kilikuwa ulinganisho wa madaftari mawili, ambao ofisi yake ya magazeti haikupata jibu lake.

Ni kweli kwamba hali ya Kongo ya Wabelgiji haikuzaa waandishi wa namna ya Morel hapa mjini. Katanga ilitawaliwa kiuchumi na Comité Spécial du Katanga, iliyoundwa mwaka 1900, ambamo serikali ilikuwa na theluthi mbili na kampuni binafsi theluthi moja. Kutoka humo ikatoka Union Minière, kampuni ya kuchimba shaba, mwaka 1906. Shaba ya kwanza iliyeyushwa hapa mwaka 1911, na mwaka huo huo yakaanza magazeti ya mji, Journal du Katanga na L'Étoile du Congo. Tanuru na gazeti ni rika moja. Baadaye likaja L'Essor du Congo, lililosomwa na walowezi na wakubwa wa makampuni. Mwaka 1957 Union Minière ilianzisha Mwana Shaba kwa ajili ya wafanyakazi wake, kwa Kifaransa na Kiswahili, na najua wazee wengi wa Kamalondo na Katuba wanaolikumbuka kwa upendo. Nami silibezi. Lakini gazeti la kampuni haliwezi kuiuliza kampuni swali, kama vile mpishi hawezi kuitwa awe shahidi juu ya chakula chake.

Gharama ya ukimya huo ilionekana mwaka 1960, na hapa ndipo huwa nawasimulia wanafunzi polepole. Kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei ulifanyika mjini Brussels mkutano wa meza ya duara ya uchumi, ambao ulipaswa kuamua nini kitakuwa cha Kongo huru katika makampuni yake. Viongozi wakubwa wa vyama walikuwa wamerudi nyumbani kupiga kampeni ya uchaguzi wa Mei. Kwenye meza ya fedha waliwatuma vijana na wanafunzi. Chama cha Lumumba kiliwakilishwa na kijana aliyekuwa mwandishi wa habari, Joseph-Désiré Mobutu. Kisha, siku chache kabla ya 30 Juni, serikali ya Ubelgiji ikaivunja Comité Spécial du Katanga, na kwa kitendo hicho cha kisheria Kongo huru ikapoteza wingi wa kura ambao ungeiwezesha kuiongoza Union Minière katika mkutano wa wenye hisa. Watu wetu walikuwa wakijiandaa kucheza ngoma ya uhuru, na haki hiyo ilikuwa imekwisha kuondoka. Iliondoka kwa karatasi ambayo mwandishi mmoja wa uchumi mwenye kuelewa sheria ya makampuni angeweza kuieleza katika aya tatu za Kiswahili. Wiki mbili baadaye Katanga ilijitenga, na kodi za Union Minière zikaenda kwa serikali ya Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga; mengine yanajulikana.

Enzi ya Zaire sitakaa nayo sana. Kampuni ilitaifishwa kuanzia mwaka 1967, ikaja kuitwa Gécamines, ingawa uuzaji wa shaba yake uliendelea kupitia kampuni ya Kibelgiji iliyokuwa na uhusiano na wenye mgodi wa zamani. Magazeti yalibadilishwa majina, hapa kwetu tukawa na Mjumbe na Taifa, na kazi yao ikawa kusifu. Mwaka 1974 bei ya shaba ilianguka kwa zaidi ya nusu kabla ya mwaka kwisha, na mwaka 1975 nchi ikashindwa kulipa madeni yake. Mwaka 1978 Shirika la Fedha la Kimataifa lilimweka Mjerumani Erwin Blumenthal ndani ya Benki ya Zaire. Hakukaa muda mrefu, na ripoti yake, iliyovuja na kusomwa Ulaya mwaka 1982, ilisema waziwazi kwamba wadai hawatarudishiwa fedha zao kwa jinsi ufisadi ulivyokithiri. Wakopeshaji waliisoma, wakaendelea kukopesha. Hapa Lubumbashi tuliisikia kwa minong'ono.

Na leo? Leo tuna uhuru mkubwa zaidi na karatasi nyingi zaidi, lakini mazoea hayajabadilika. Nilialikwa wakati fulani, kwa sababu ya kazi yangu, katika ukumbi wa hoteli moja ya mjini ambako kampuni moja ya madini ilikuwa ikitangaza ilichoilipa serikali na ilichowafanyia wananchi. Kila aliyehudhuria alipewa karatasi yenye duara lililogawanywa kwa rangi. Nilijumlisha asilimia zile kwa penseli nikiwa nimekaa; hazikufika mia. Wakati wa maswali waandishi waliuliza kuhusu timu ya mpira inayofadhiliwa na kampuni. Mlangoni, karibu na orodha ya mahudhurio, kulikuwa na bahasha za usafiri, zile tunazoziita hapa kwetu coupage. Kesho yake magazeti yaliichapa karatasi neno kwa neno, pamoja na jina la kijiji lililokosewa herufi. Siwalaumu sana waandishi wale, kwa kuwa wengi wao hawana mshahara wa kuitwa mshahara. Lakini Raffalovich angejihisi nyumbani.

Matokeo yake ni kwamba habari kubwa za fedha zetu tunazisoma kwa wageni. Uchunguzi kuhusu biashara za familia ya rais wa wakati huo, Joseph Kabila, haukuandikwa hapa. Ni Bloomberg, shirika la habari la Marekani, waliouchapisha, mwaka 2016. Nyaraka zaidi ya milioni tatu za benki iliyofanya kazi Kinshasa zilichambuliwa na magazeti ya Ulaya na washirika wao mwaka 2021. Mkataba wa Sicomines wa mwaka 2008 kati ya nchi yetu na makampuni ya China, wa barabara na hospitali kwa kubadilishana na shaba na kobalti, ulipunguzwa kutoka dola bilioni 9 hadi 6 mwaka 2009 baada ya Shirika la Fedha la Kimataifa kupinga, na ukafanyiwa marekebisho tena mwaka 2024, sehemu ya ujenzi ikapandishwa hadi dola bilioni 7. Migodi yenyewe iko Kolwezi, safari ya saa chache kutoka ofisi yenu, na bado ukitaka maelezo yaliyokamilika ya hesabu zake, utayatafuta kwa lugha za mbali.

Basi ombi langu, na nalileta kwa mfano wa tarakimu ili lisibaki hewani. Sheria ya madini ya mwaka 2002 iliagiza kwamba mrabaha wa madini, yaani malipo ambayo kampuni hutoa kulingana na thamani ya madini yake, ule ambao wengi tunauita redevance, ukusanywe na serikali kuu, kisha sehemu irudishwe kwa jimbo na kwa maeneo yenye migodi. Fedha zikienda Kinshasa, kurudi kukawa shida. Marekebisho ya mwaka 2018 yalibadilisha njia: mrabaha wa shaba ulipandishwa kutoka asilimia 2 hadi 3.5, ule wa kobalti, iliyotangazwa kuwa madini ya kimkakati, ukawa asilimia 10, na kampuni ikatakiwa kulipa moja kwa moja kwa kila mwenye haki. Asilimia 50 ya mrabaha huo huenda kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au utawala wa chifu ambako mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Chukua tani 1,000 za shaba, kadiria bei ya dola 9,000 kwa tani: thamani ni dola milioni 9, mrabaha ni dola 315,000, na fungu la komini au la chifu ni dola 47,250. Hayo ni kwa tani 1,000 tu, na mgodi mmoja mkubwa unatoa zaidi ya mara mia ya hizo kwa mwaka.

Hesabu hii inafanyika kwa dakika moja, na ndani yake mna maswali yote ambayo ukurasa wenu utahitaji. Tani ni ngapi? Zilipimwa na nani, kampuni au watu wa serikali? Bei iliyotumika ni ya siku gani, na ni ile ya soko la metali la London au ile ya mercuriale inayowekwa na serikali yetu? Kampuni inasema imelipa kiasi gani, na bulugumesta au chifu anasema amepokea kiasi gani? Zikitofautiana, tofauti hiyo ndiyo habari yenu ya wiki. Zikilingana, andikeni kwamba zimelingana, kwa kuwa hiyo nayo ni habari, na mwananchi ataanza kuuliza dola hizo zilijenga nini. Nchi yetu imo katika mpango wa kimataifa wa uwazi wa mapato ya madini, na ripoti zake huweka malipo ya makampuni kando ya mapokezi ya serikali. Tangu amri ya mwaka 2011 mikataba ya madini nayo inapaswa kuchapishwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya karatasi ipo. Tatizo ni kwamba ripoti hizo huchelewa, ni nene, na zimeandikwa kwa Kifaransa cha wahasibu. Mtu wa sekta ya vijijini hatazifungua. Gazeti la Kiswahili linaweza kuzifungua kwa niaba yake, kisha likaenda kwenye ofisi ya komini kuuliza maswali ya mwezi huu badala ya kungoja ripoti ya miaka iliyopita.

Kuna wakati mzuri wa kuanza. Mwezi Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti ili kuinua bei, na kuanzia Oktoba mwaka huo ikaweka mgawo wa tani kwa kila kampuni. Uamuzi huo unaweza kuwa wa busara, na mimi binafsi naona ulikuwa na sababu, maana kobalti ilikuwa ikiuzwa kwa bei ya kutupa wakati sisi ndio tunaotoa sehemu kubwa zaidi duniani. Lakini mgawo wa tani ni mgawo wa fedha. Kampuni ipi imepewa tani ngapi, kwa kigezo gani, na chifu ambaye mgodi wake umepunguziwa atafidiwa na nani? Maswali haya hayahitaji ujasiri wa kupindukia. Yanahitaji mtu aliyeisoma amri yenyewe kabla ya kwenda kwenye mkutano na waandishi.

Jambo moja la mwisho linawahusu ninyi wenyewe. Ukurasa wa namna hii utavuta matangazo ya makampuni ya madini na ya benki, na bila matangazo sijui kama utaweza kuishi. Chukueni matangazo hayo, ila yazungushieni mstari ili yajulikane kuwa ni matangazo, na pale ambapo kampuni imelipa gari, hoteli au chakula cha mwandishi wenu, liandikeni hilo chini ya makala kwa herufi zinazosomeka. Kuhusu wa kuifanya kazi yenyewe, mjini hapa wako vijana wengi waliomaliza uhasibu wanaosoma mizania bila shida, na sasa hivi wanauza vocha za simu. Mkiwahitaji, naweza kuwaletea wawili watatu mwafanyie mtihani: wapeni karatasi ya kampuni yoyote yenye duara la rangi, mwaone kama watajumlisha.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa uhasibu, komini ya Kamalondo, Lubumbashi